Bwana Mifugo Anajibu: Mbwa Wetu Wamenenepa

Kwa miaka mingi nikiingia kwenye nyumba za Gungu au Buzebazeba hapa Kigoma, mbwa niliyemkuta getini alikuwa amekonda, mbavu nje, na kazi yangu ilikuwa kumwambia mwenyewe amwongezee chakula. Siku hizi nakutana na mbwa wa aina nyingine: amefungwa mnyororo mchana kutwa, hapandi hata ngazi mbili bila kuhema, na wenye nyumba wanamsifia kwamba ameshiba. Maswali ya safari hii yote yanamhusu huyo. Nimeyafupisha, na majina ya waulizaji nimeyaacha.

Mama wa Gungu: *Habari za kazi bwana mifugo. Mbwa wetu Simba ana miaka mitano. Wageni wakija wanasema anatunzwa vizuri, nami nafurahi. Juzi fundi wa geti akaniambia mbwa huyu unene wake ni ugonjwa. Nitajuaje nani mkweli?*

Njema mama. Mpigie fundi simu umshukuru, ila kwanza hakikisha kwa mikono yako mwenyewe. Macho hudanganywa na manyoya, mikono haidanganywi.

Msimamishe Simba, weka viganja pande zote mbili za kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, na umpapase taratibu bila kubonyeza. Sasa linganisha na mkono wako. Kunja ngumi, pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo: mbavu zikiwa hivyo, mbwa amekonda. Nyoosha mkono, papasa mgongo wa kiganja, pale mifupa ya vidole inapohisika chini ya ngozi. Mbavu za mbwa mwenye afya ziko hivyo. Huzioni sana, lakini kila moja unaweza kuihesabu kwa kidole. Halafu geuza, papasa nyama ya ndani ya kiganja. Ukilazimika kubonyeza namna hiyo ndipo uikute mbavu, Simba ni mnene.

Baada ya hapo simama juu yake umtazame mgongoni. Nyuma ya mbavu panatakiwa pabane kidogo, pawe na kiuno. Mtazame na ubavuni pia: tumbo linatakiwa lipande kuelekea miguu ya nyuma. Akiwa sawa na gogo kutoka mabegani hadi makalioni, na tumbo limelala, jibu unalo.

Sisi madaktari tunatumia kipimo cha 1 hadi 9. Mbwa wa 4 au 5 ndiye tunayemtaka, na kila namba juu ya 5 ni kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito usiohitajika. Mbwa wa 7, kwa hiyo, amebeba ziada inayokaribia robo ya uzito unaomfaa. Anaibeba kwenye magoti, kwenye nyonga na kwenye moyo, na katika joto letu la Septemba kabla mvua hazijaanza anaibeba akiwa hana njia ya kujipoza ila kuhema. Nimeshapokea mbwa mnene aliyezidiwa na joto saa nane mchana, na sitamani nyumba yoyote ile ione alivyohangaika.

Msomaji wa Katubuka: *Mbwa wangu ana kilo 30. Daktari aliyekuja kuchanja alisema apungue afike 24. Hakunieleza nimlishe nini. Sisi chakula cha mbwa ni ugali na dagaa, hivyo vyakula vya mifuko hatuviwezi.*

Ugali na dagaa vinatosha kuanzia. Tatizo ni kwamba ugali unapimwa kwa mwiko, na mwiko hauna kipimo. Mbwa anamwagiwa kilichobaki, kikiwa kingi anakula kingi.

Tuanze na hesabu, simu yako inatosha. Chukua uzito unaotaka afike, siyo alio nao. Zidisha 24 mara 24 mara 24. Jibu lake libonyezee alama ya kipeuo cha pili mara mbili mfululizo, kisha zidisha kwa 70. Utapata karibu 760. Hizo ndizo kalori za siku nzima kwa mbwa wako wakati anapungua, na ndani yake kuna kila kitu kinachopita mdomoni, hata kile cha kuokota.

Sasa tuzigeuze ziwe chakula. Unga wa dona gramu 80 una kalori kama 290. Dagaa wakavu gramu 110 wanakaribia 350. Mchicha, matembele au boga, viganja viwili vilivyochemshwa, ni kama 40. Zinabaki kidogo kwa vile vipande vya kumpongeza akikuitikia, na vipande hivyo visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku. Utaona dagaa ni wengi na unga ni mchache kuliko ulivyozoea. Nimefanya makusudi. Mbwa anayepungua anatakiwa apoteze mafuta abaki na misuli, na misuli inalindwa na protini.

Huna mizani ya jikoni? Chukua kikombe cha chai na bakuli dogo uende navyo dukani. Muombe mwenye duka akupimie unga gramu 80, umimine kwenye kikombe, uchore mstari kwa rangi ya kucha pale ulipofika. Fanya hivyo na dagaa kwenye bakuli. Kuanzia siku hiyo anayemlisha mbwa anafuata mstari.

Namna ya kupika nayo ina maana. Dagaa waoshe maji mara mbili au tatu, maana waliokaushwa chini wana mchanga na wengine wana chumvi. Wachemshe kwa maji matupu. Usiweke kitunguu maji wala kitunguu saumu, vyote viwili huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Usitie mawese. Najua Kigoma kupika bila mawese ni kama hujapika, lakini kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120 hivi, yaani sehemu ya sita ya posho ya mbwa wako, na kinapotea ndani ya ugali bila kuonekana. Ukishaepua dagaa, ile supu ndiyo usongee ugali wake. Harufu inamridhisha, na chakula kinakuwa kimoja asichoweza kuchambua. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni.

Mara moja kwa wiki punguza dagaa kidogo uweke yai la kuchemsha na kipande cha ini kinachotosha kiganjani. Dagaa mwache na mifupa yake, hapo ndipo mbwa anapata chokaa ya mifupa. Hata hivyo mlo wa nyumbani hauna kila kirutubisho, kwa hiyo daktari wako amwone angalau kila mwezi na aamue kama anahitaji vitamini za nyongeza. Ziwa Tanganyika likifungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa kati ya Mei na Agosti 2024, na dagaa wakiadimika, tumia maharage yaliyoiva hadi kupondeka pamoja na yai.

Mbwa wa kilo 30 apunguze gramu 300 hadi 600 kwa wiki, si zaidi. Kilo 6 zitachukua kati ya wiki 10 na 20. Mpime kila baada ya wiki mbili kabla hajala. Kwenye mashine za kusaga kuna mizani kubwa: panda nayo ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Namba isiposogea kwa wiki mbili, punguza chakula sehemu moja ya kumi. Ikishuka zaidi ya gramu 600 kwa wiki, ongeza.

Kijana wa Ujiji: *Shikamoo bwana mifugo. Wiki ya tano sasa nampunguzia Bosi chakula na hapungui. Halafu ananitazama nikila mpaka tonge halipiti. Najiuliza kama simuonei.*

Marahaba kijana wangu. Swali lako limenigusa kwa sababu limeshanikuta.

Nilikuwa na jike, Popi, kahawia, aliyekuwa mnene kweli. Nikampimia kila kitu kwa gramu. Wiki tano zikapita, mizani ikabaki palepale. Nikaanza kuhofia ana ugonjwa wa tezi ya shingo, nikawa napanga kutuma damu yake ikapimwe. Usiku mmoja nikatoka nje kuangalia kwa nini maji yamekatika, nikamkuta mama yangu mzazi amechuchumaa nyuma ya jiko na sufuria mkononi, anakwangua ukoko kwa kijiko na kumwekea Popi juu ya jani la mgomba. Kila usiku, baada ya mimi kulala. Hakuwa ananificha ili anikomoe. Amekua katika nyumba ambayo kutupa ukoko ni dhambi na kiumbe anayelia njaa hanyimwi.

Nilikaa naye asubuhi yake. Sikumwambia asimpe. Nilimwambia: mama, kuanzia leo wewe ndiye unayemlisha Popi, chakula chake ni hiki kilicho kwenye bakuli, na ukitaka kumpa ukoko tutautoa humohumo. Popi alianza kupungua wiki ileile. Mama ndiye aliyekuwa akinikumbusha siku ya kupima.

Kwa hiyo kabla ya kupunguza tena, hesabu mikono. Nani mwingine anampa Bosi? Watoto wanadondosha nini chini ya mkeka? Jirani anarusha mifupa ukutani? Chapati moja ya mafuta ina kalori kati ya 250 na 300, na mtoto akimgawia Bosi kila asubuhi, umempimia bure. Kaa na watu wote wa nyumba, bila kugomba, mchague mlishaji mmoja. Wengine wanaotaka kumpa kitu watoe kwenye bakuli la siku hiyo.

Kuhusu macho yale: mbwa hutazama chakula hata akiwa ameshiba. Baadhi wamezaliwa hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba karibu robo ya mbwa wa aina ya Labrado wana hitilafu kwenye jeni moja (kirithishi cha mwilini) inayowafanya watafute chakula kuliko mbwa wengine. Hujamuonea. Kuna utafiti mwingine ninaoupenda kuwasimulia watu, uliochapishwa Marekani mwaka 2002. Labrado 48 walifuatiliwa maisha yao yote, wawili wawili wa uzao mmoja. Mmoja alipewa pungufu kwa asilimia 25 ya alichokula mwenzake. Waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Miaka miwili ya mbwa ni mingi sana. Popi nilikaa naye hadi miaka kumi na tatu.

Wakati unakula, mfunge upande wa pili wa nyumba usiyaone macho yake wala yeye asione sahani yako. Chakula chake cha jioni, badala ya bakuli, siku nyingine mtawanyie dagaa kwenye majani atafute kwa pua. Atatumia nusu saa kula kile anachokimaliza kwa dakika moja, na atalala ametulia.

Mama lishe, karibu na mwalo wa Kibirizi: *Mbwa wangu analinda banda usiku. Mchana wateja wanamrushia mifupa, ugali, vichwa vya migebuka. Siwezi kugombana na wateja.*

Usigombane nao, dada yangu. Mwondoe mbwa kwenye macho yao. Saa za chakula cha mchana mfunge nyuma ya banda penye kivuli na maji, akiwa ameshapewa mlo wake wa asubuhi. Asiyeonekana harushiwi.

Kwa wale wateja wa kila siku wanaompenda na kumtafuta, weka kikopo chenye dagaa wachache waliochemshwa, wa posho yake ya siku hiyo. Mteja akitaka kumpa, anachukua humo. Kikopo kikiisha, kimeisha mpaka kesho. Watu wa mwaloni ni waelewa ukiwaambia mbwa ana dozi ya daktari.

Nina jambo zito zaidi hapo, nalo ni mifupa. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na mwiba mkubwa wa samaki unakwama kooni. Mafuta ya ngozi ya kuku na ya kukaangia nayo yanaweza kumletea mbwa uvimbe wa kongosho: anatapika, anainama kama anasujudu kwa maumivu, na wengine hufa. Ndoo ya makombo iwe na mfuniko unaobana, na iinuliwe juu.

Msomaji wa Mwanga: *Jike langu alifungwa kizazi mwaka jana, tangu hapo ananenepa. Nilikosea?*

Hukukosea. Umemwepusha na mimba zisizohitajika na usaha wa mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua majike wengi. Kilichotokea ni kwamba baada ya upasuaji ule mwili unahitaji chakula pungufu, kama asilimia 20 hadi 30, huku hamu ya kula ikiongezeka. Punguza robo ya alichokuwa anakula, na ukitaka usahihi tumia hesabu niliyompa msomaji wa Katubuka.

Msomaji wa Kasulu: *Mbwa wangu tumbo ni kubwa sana lakini mgongo na mbavu zinaonekana. Nimpunguzie pia?*

Hapana, na usisubiri. Huyo si mnene. Tumbo kubwa juu ya mwili uliokonda linaweza kuwa minyoo, hasa kwa mbwa mdogo, au maji yaliyojaa tumboni kwa sababu ya moyo au ini, na jike anaweza kuwa na mimba. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii. Tumbo likivimba ghafla, ndani ya saa chache, na mbwa anajaribu kutapika bila kutoa kitu, hapo usingoje hata asubuhi.

Na kwa wasomaji wengine: mbwa anayenenepa ilhali anakula kidogo kweli, anayenyonyoka manyoya pande zote mbili, au anayekunywa maji na kukojoa kupita kawaida, apimwe damu kabla hamjaanza kumpunguzia. Watoto wa mbwa, wenye mimba na wanaonyonyesha hawapunguzwi chakula kabisa bila daktari.

Msomaji wa Bangwe: *Kuna mtu kanishauri nimfungishe siku tatu kwa maji tu, kisha nimkimbize ufukweni kila siku.*

Usimfungishe. Siku tatu bila chakula zinakula misuli, zinamfanya awe mwizi wa kuku wa jirani, na akirudi kwenye bakuli atafidia yote. Mwenye paka mnene ndiyo kabisa asithubutu, paka akikaa siku kadhaa bila kula ini lake hujaa mafuta na anaweza kufa.

Kutembea ni kuzuri, lakini kwa mbwa mzito anza na dakika kumi, alfajiri au jua likishazama, kwa mwendo wako wa kawaida. Kila wiki ongeza dakika chache. Akichechemea siku ya pili yake, ulizidisha. Mchanga mzito wa ufukweni unaumiza magoti ya mbwa mnene, tafuta njia ngumu. Na kuogelea, ingawa kunafaa sana kwa viungo, ziwa letu lina mamba.

Babu wa Kipampa: *Nina miembe mitatu na mparachichi. Msimu ukifika mbwa wangu hali chakula cha nyumbani, na bado ananenepa. Hii imekaaje?*

Shikamoo babu. Anakula, ila hali kwako. Embe lililoiva lina sukari nyingi, na parachichi moja kubwa lina kalori zaidi ya 300, karibu zote za mafuta. Mbwa wa wastani akiokota mawili usiku ameshamaliza posho ya siku nzima kabla hujaamka. Kokwa ndizo zinazonitisha zaidi. Nimemfungua tumbo mbwa aliyemeza kokwa ya parachichi nzima, ilikuwa imeziba utumbo na sehemu ya utumbo ilishakuwa nyeusi.

Upepo wa usiku ndio unaoangusha matunda mengi. Kwa hiyo msimu huu mbwa alale upande wa geti, amefungwa kwa kamba ndefu ya kumtosha kulinda lakini isiyofika chini ya miti. Asubuhi mtume mjukuu na ndoo aokote yote, na kokwa pia, ndipo mbwa afunguliwe.